Deraya Iliyomkaba Kapteni: Uchambuzi wa Kisa cha Vazi la Kivita la Jukwaani

Usuli

Kisa hiki kilitokea katika mji mmoja wa pwani ya Kenya, ndani ya kikundi cha maigizo ambacho wanachama wake hufanya kazi nyingine mchana na kukutana jioni kwa mazoezi. Jina la kikundi, ukumbi, mwaka na majina ya wahusika yameondolewa. Nilikuwa msimamizi wa mavazi na vifaa vya jukwaani, na makosa mawili makubwa yatakayoelezwa hapa ni yangu mwenyewe. Ndiyo maana ninaandika kwa nafsi ya kwanza, ili lawama iende inakostahili.

Tamthilia ilihusu tukio la Agosti 1631, pale Sultani Yusuf bin Hasan wa Mombasa, aliyekuwa amelelewa Goa, India, mikononi mwa Wareno na kubatizwa kwa jina la Dom Jerónimo Chingulia, alipoingia Fort Jesus na kumuua kapteni wa ngome, Pedro Leitão de Gamboa, kisha akaitwaa ngome yenyewe. Mwelekezi alitaka kapteni aonekane amevaa deraya tangu anapoingia jukwaani hadi anapouawa, ili mtazamaji auone utawala wa Kireno kwa macho kabla hajausikia katika maneno. Nilimkumbusha kwamba mtu aliyejifunga bamba la chuma hauawi kwa jambia la kifuani. Akanijibu kwamba jambia litapita ubavuni, mahali ambapo bamba la mbele na la nyuma hukutana, na kwamba akishachomwa, kapteni atabiringika ngazi tatu hadi chini. Wakati ule nililichukulia jibu hilo kuwa ujanja wa kukwepa swali. Sikujua kwamba alikuwa amekwisha kutaja jambo ambalo lingetusumbua kwa wiki saba zilizofuata, yaani mwanya.

Tulikuwa watatu katika kazi ile. Wa kwanza alikuwa fundi cherehani, mama wa makamo ambaye riziki yake ni magauni ya harusi. Wa pili alikuwa kijana fundi viatu ambaye kibanda chake kilikuwa mkabala na ukumbi. Wa tatu nilikuwa mimi. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kutengeneza deraya, na mazoezi ya mavazi kamili yaliangukia msimu wa kaskazi, wakati joto la pwani halina huruma kwa mtu aliyevaa hata shati moja.

Vazi lilipaswa kuwa na sehemu tano: chapeo, kosi la kukinga koo, dirii ya mabamba mawili, yaani la kifua na la mgongo, mabamba ya mabega, na mabamba ya mapaja yanayoning'inia kutoka kiunoni. Mikono na miguu ingevikwa kitambaa na viatu virefu tu, kama walivyovaa askari wengi wa enzi hizo ambao hawakuwa na haja ya kujifunika chuma toka utosini hadi unyayoni. Lugha yenyewe ilitufurahisha tulipokuwa tukiandika orodha hiyo, kwa kuwa dirii ni neno lenye asili ya Kiarabu na chapeo limetokana na Kireno, hivi kwamba pande mbili zilizopigana ngomeni zilikuwa zimekaa pamoja kwenye karatasi moja.

Bati au sponji

Wazo la kwanza lilikuwa bati. Mafundi wa jua kali wanaotengeneza masanduku ya wanafunzi wa bweni walikuwa jirani, na mmoja wao alitukunjia bamba la kifua na la mgongo kwa siku moja, kazi safi yenye kingo zilizokunjwa ndani. Chuma chenye unene wa milimita 1 kina uzito wa karibu kilo 8 kwa kila mita ya mraba, na mabamba hayo mawili peke yake yalipita kilo 4. Uzito huo haukuwa kizuizi chenyewe. Deraya kamili za chuma za Ulaya katika karne ya 15 na ya 16 zilikuwa na uzito wa kilo 15 hadi 25, na waliozivaa walipanda farasi, walipigana na waliinuka wakianguka, kwa sababu uzito huo uligawanywa mwili mzima.

Bati lilitushinda kwa mambo mengine. Mwigizaji alipojibiringisha kwenye ngazi ya kwanza tu, ukingo wa bamba la mgongo ulimgonga chini ya kisogo, na kelele ya bati ikameza maneno ya Sultani aliyekuwa akizungumza. Mwelekezi alisimamisha mazoezi hapo hapo. Tuliamua kutumia sponji, na uamuzi huo sikuwahi kuujutia.

Sponji iliyokusudiwa si ile ya godoro. Ni sponji ngumu aina ya EVA, jamaa ya ile inayotengenezewa ndara, ambayo huuzwa madukani kama mikeka ya vipande vinavyopachikana, watoto wanatandikiwa wachezee juu yake. Vipande vyetu vilikuwa na unene wa milimita 10 hivi, na tulipovipima vilikuwa na uzito wa karibu kilo 1 kwa mita ya mraba, sehemu moja kwa nane ya bati. Sponji hii ikipashwa hewa ya moto hulegea, ukaikunja juu ya goti au chungu na kuishikilia mpaka ipoe, nayo hubaki na umbo hilo. Joto hilo hilo huziba vinyweleo vya uso wake, na uso ukizibika hauinywi rangi. Hewa ya moto tuliipata kwa mashine ya mkononi ya mafundi umeme, ile inayopuliza kama ya kukaushia nywele ila ni kali zaidi.

Vigezo vilivyochukuliwa kwa mtu aliyesimama

Vigezo, au patani kama mafundi cherehani wanavyoviita, nilivichukua mimi. Mwigizaji alivaa fulana kuukuu, nikamzungushia nailoni nyembamba ya kufungia vyakula, juu yake nikabandika utepe mpana wa gundi hadi kiwiliwili chake kikawa kama kimepigwa plasta. Nikachora mistari ya bamba la kifua, la mgongo na duara za makwapa, nikakata ganda lile kwa mkasi, nikalipasua vipande hadi vikalala bapa, kisha nikavihamisha kwenye karatasi ngumu. Njia hii ni nzuri, na hadi leo sijaona nyingine inayonakili mwili kwa gharama ndogo namna ile.

Kosa lilikuwa katika namna nilivyomsimamisha. Alisimama wima kama askari wa gwaride, mikono ubavuni, amevuta pumzi, na juu ya ngozi yake palikuwa na fulana nyepesi tu. Nilinakili sanamu. Tena nilichora ukingo wa chini wa dirii pale ambapo macho yangu yalipenda, karibu na mfupa wa nyonga, kwa kuwa suruali na mashati ya leo yametuzoesha kudhani kiuno kipo huko. Mafundi wa kale hawakufanya hivyo. Bamba la kifua la kweli huishia kwenye kiuno chenyewe, pale mwili unapopindia, na hata mabamba yenye ncha iliyochongoka mbele kama kifua cha kuku, ambayo yalipendwa mwishoni mwa karne ya 16, hushuka katikati tu huku pande zake zikibaki juu ili mtu aweze kukaa.

Kukata na kuunganisha kulikwenda vizuri kwa sababu ya fundi viatu. Sisi wawili tulitaka kupaka gundi ya viatu na kubandika mara moja. Yeye alituonyesha kwamba gundi ile hupakwa pande zote mbili, huachwa hadi isinate kidoleni, ndipo pande hukutanishwa kwa mkandamizo, na zikishagusana hazisogezwi tena. Alitufundisha pia kukata kingo kwa mshazari ili pande mbili zikikutana zifanye pembe iliyofunga, bila mfereji wa kuonekana. Kisu chake alikinoa kila baada ya mikato michache, tabia tuliyoidharau siku ya kwanza na kuiiga siku ya pili, kwa maana kisu butu hurarua sponji badala ya kuikata.

Kwa siku 11 vazi lilikuwa tayari, likiwa limepakwa rangi ya fedha na kuvalishwa kwenye sanamu ya dukani ya fundi cherehani. Lilipendeza mno. Wapita njia walisimama kupiga picha.

Jaribio la kwanza

Mwigizaji alilivaa mbele ya kioo akaridhika, sote tukaridhika. Kisha mwelekezi akamwambia aketi, kwa kuwa onyesho la pili kapteni yuko mezani. Alipoketi, ukingo wa chini wa dirii ulikutana na mapaja, dirii nzima ikasukumwa juu, nalo kosi likamwingia chini ya kidevu.

"Mamangu, hii inanikaba," alimwambia fundi cherehani kwa sauti iliyobanwa kweli.

Orodha ya matatizo ilirefuka kila alipofanya tendo jipya. Hakuweza kuinua mkono wa kulia kupita usawa wa bega, kwa kuwa bamba la bega lilikuwa kikombe kimoja kilichogandishwa juu ya dirii. Hakuweza kukutanisha mikono mbele, maana yake hakuweza kuufungua waraka ambao tamthilia nzima inauhitaji. Alipopiga goti, mabamba ya mapaja yalisimama mbele kama milango miwili. Alipobiringika, kila kitu kilizunguka upande mmoja, na aliinuka akiwa na bamba la kifua kwapani. Baada ya dakika 25 uzito wote, ambao kwa kweli ulikuwa mdogo, ulikuwa umekusanyika kwenye mikanda miwili myembamba ya mabegani na kumwachia alama nyekundu.

Nilipendekeza turefushe mikanda. Fundi cherehani alikataa. Alisema kwamba gauni linalobana halitibiwi kwa kulegeza zipu, akataka kila kitu kivuliwe na mwigizaji abaki na fulana, kisha akamwamuru afanye matendo yake yote, mwanzo hadi mwisho, huku yeye akimtazama na chaki mkononi. Ndiyo mara ya kwanza mmoja wetu aliutazama mwili ule ukienda.

Kupunguza

Marekebisho yalichukua wiki mbili, na karibu yote yalikuwa ya kupunguza. Tulianza na ukingo wa chini. Mwigizaji aliketi, akainama upande mmoja na mwingine, fundi akapiga chaki pale ngozi ilipojikunja, na tukakata sentimita 6 kutoka kwenye dirii mbele na nyuma, tukaacha ncha ndogo ya katikati kwa ajili ya sura. Ukingo wa juu ulipunguzwa vidole viwili, na kosi likatenganishwa na dirii kabisa, likawa pete inayokaa juu ya mabega yenyewe, ili hata dirii ikipanda kidogo isiibebe pete hiyo hadi kooni.

Kwapa lilituletea ubishi wa kweli, na nadhani ndipo palipokuwa na funzo kubwa kwa fundi cherehani kama lilivyokuwapo kwangu mahali pengine. Katika ushonaji wa nguo, duara la kwapa likiwa dogo na kukaa juu karibu na mwili, mkono huinuka vizuri. Likiwa kubwa na kushuka, mkono ukiinuliwa huvuta gauni zima. Mama alilijua hilo kwa miaka mingi, na alikuwa sahihi kwa kitambaa. Sponji haivutiki wala haikunjiki kwenye kwapa. Mkono ukija mbele unagonga ukuta. Tulifanya jaribio kwa karatasi ngumu: kigezo kimoja kwa kanuni yake, kingine kikiwa kimekatwa kuelekea katikati ya kifua kwa sentimita 4 kila upande. Kwa kigezo cha pili mikono ilikutana na waraka ukafunguka. Bamba la kifua lilipokatwa hivyo lilionekana jembamba kupita kiasi likiwa mezani, lakini mabamba ya mabega yalipolifunika hakuna aliyeona upungufu. Baadaye niliziangalia upya picha za dirii za kale nikaona kwamba zote ni nyembamba pale kati ya mikono. Picha hizo nilikuwa nazo tangu siku ya kwanza.

Mabamba ya mabega tuliyavunja na kuyaunda upya. Kila moja likawa na vipande vitatu vinavyopandana kama magamba ya samaki, vimeshikwa ndani kwa tepe tatu za ngozi laini alizozitoa fundi viatu, hivi kwamba mkono ukiinuka vipande vinaingiana na ukishuka vinatandazika. Mafundi wa chuma walifanya vivyo hivyo kwa ngozi na ribiti. Jambo la muhimu zaidi ni kwamba hatukuyatundika tena juu ya dirii. Fundi cherehani alishona kizibao cha kitambaa cha marekani, chenye pedi nyembamba mabegani tu, na mabamba ya mabega yakafungwa kwenye kizibao hicho kwa kamba. Nayo dirii ilifungwa kwa mkanda mpana kiunoni ikakaa hapo, mikanda ya mabegani ikabaki ya kuizuia isianguke, bila kuibeba. Ubavuni, bamba la mbele na la nyuma yaliachwa bila kukutana. Kulikuwa na mwanya wa vidole vitatu kila upande, uliovukwa na mikanda miwili yenye bizimu.

Mwanya huo ulifanya kazi tatu kwa wakati mmoja. Kifua kilipata nafasi ya kutanuka mwigizaji alipovuta pumzi ya kusema mistari mirefu, hewa ilipata pa kupita, na jambia la Sultani likapata pa kuingia.

Chapeo

Chapeo ilistahili sura yake, na sitaificha. Umbo lake ni lile la kofia za askari wa Kireno na Kihispania, lenye undu juu kama wa jogoo na ukingo uliochongoka mbele na nyuma. Bakuli lake lilitokana na sponji ile ile na lilikubali. Undu nilitaka uwe mwepesi zaidi, nikauchonga kutoka kwenye kile kitu cheupe kinachofungashiwa televisheni, kisha nikaupuliza rangi ya kopo. Mbele ya macho yetu uliyeyuka na kubonyea kama sukari kwenye maji, kwa sababu vimumunyisho vya rangi hizo, sawa na vya gundi ya viatu, huila sponji nyeupe ya aina hiyo. Fundi viatu alikuwa ameniuliza kama nilijaribu kwanza kwenye kipande cha kutupa. Nilikuwa sijajaribu.

Undu wa pili ulikuwa wa EVA tabaka mbili. Kwa ndani tuliweka utando wa mikanda uliotolewa kwenye kofia ngumu ya wajenzi, unaozunguka kichwa na kuiacha hewa ipite juu ya utosi. Uliishika chapeo imara hata wakati wa kubiringika. Gharama yake ni kwamba chapeo ilipanuka, na mwigizaji ambaye ana kichwa kidogo alionekana kidogo kama uyoga. Mwelekezi alilalamika hadi usiku wa mwisho, na kwa hili alikuwa na haki.

Joto, rangi na sauti

Siku tisa kabla ya onyesho, vazi lililorekebishwa lilisafirishwa kwenye buti ya gari na kuachwa humo tangu saa nne asubuhi hadi saa nane mchana, gari likiwa juani. Aliyeliacha ni mimi. Tulipofungua buti, mishono minne ya dirii ilikuwa imeachia, na bamba la mgongo lililolaliwa na sanduku la taa lilikuwa limebonyea. Joto linaloifanya sponji ikubali umbo huifanya pia ilisahau, na gundi ya viatu hulegea katika joto kabla hata ya sponji. Tulipasha bamba upya, tukalikunja, tukagundisha mishono tena, na safari hii fundi cherehani akabandika ndani ya kila mshono utepe wa kitambaa cha pamba uliolowekwa gundi. Mishono hiyo haikuachia tena. Vazi lilitembea tangu siku hiyo kwa tuktuk, likiwa limevaliwa na sanamu ya dukani iliyoketishwa kama abiria.

Rangi ya fedha ilishindwa mara mbili. Kwanza ilipasuka kwenye mikunjo, kwa kuwa chini yake nilikuwa nimepaka tabaka tano za gundi nyeupe ya mbao ili kulainisha uso. Tabaka hizo zikikauka huwa ngumu, na ngumu juu ya laini haidumu panapopindika. Tuliibakiza gundi ya mbao kwenye sehemu zisizopinda, kwingine tukatumia rangi ya maji iliyochanganywa na gundi ya nguo. Pili, chini ya taa za jukwaani fedha ile iling'aa kama karatasi ya kufungia chokoleti. Chuma huonekana chuma kwa sababu ya weusi wake. Tulipaka kila kitu rangi nyeusi isiyong'aa, kisha tukasugua juu yake unga wa risasi ya penseli kwa kitambaa, zaidi kwenye kingo na kwenye mstari uliotuna katikati ya bamba la kifua, na ghafla palikuwa na chuma. Watu wa kamati walilibisha kwa vidole wakidhani bati limerudishwa.

Furaha hiyo ilidumu hadi mazoezi yaliyofuata, ambapo Sultani alimkumbatia kapteni kabla ya kumchoma na kuondoka na kifua cha kanzu nyeupe kikiwa na picha kamili ya dirii. Tulilazimika kupaka vanishi ya maji tabaka moja nyembamba, ambayo ilifisha sehemu ya mng'ao. Ilikuwa hasara ya kukubalika, na kanzu ilifuliwa mara tatu.

Sponji pia haina sauti. Kapteni alitembea jukwaani kama mtu aliyevaa kandambili, na kutisha kwake kote kukapungua. Tulikata vipande vinne vya bati la mwanzo, ukubwa wa kiganja, tukavining'iniza kwa jozi nyuma ya mabamba ya mapaja ili vigongane anapotembea na vinyamaze anaposimama. Vipande hivyo vidogo ndivyo pekee vilivyobaki vya wazo la kwanza, na mwigizaji aliniambia kwamba ndivyo vilivyomfundisha mwendo wa kapteni.

Matokeo

Maonyesho yalikuwa manne. Vazi lote, pamoja na chapeo, lilikuwa na uzito wa kilo 2.8, na mwigizaji alilivaa kwa dakika 70 kila usiku, akilivua mara moja katikati kwa muda wa kunywa maji. Aliketi, alifungua waraka, alipiga goti kanisani na alibiringika bila kuumia. Kuvaa kulihitaji msaidizi mmoja na dakika 6. Katika jaribio la kwanza kulihitaji wawili na robo saa.

Usiku wa tatu mkanda wa juu wa ubavu wa kushoto ulikatika wakati wa kubiringika. Mkanda huo ulikuwa umegundishwa tu, wakati mingine mitatu ilikuwa imegundishwa na kushonwa. Dirii ilifunguka upande ule kama kitabu, na watazamaji, waliokuwa wametoka kuona jambia likipita hapo, walivuta pumzi ukumbi mzima.

Uchambuzi

Kilichofaulu zaidi ni mgawanyo wa ujuzi, ingawa haukupangwa. Hakuna fundi wa deraya mjini, lakini maarifa ya deraya yalikuwapo yametawanyika: gundi na ngozi kwa fundi viatu, mwili na kitambaa kwa mshonaji wa magauni, chuma kwa jua kali. Nilipomtendea kila mmoja kama mtu wa kutekeleza mchoro wangu, kazi ilikwama. Ilipopata uhai ni pale mama alipochukua chaki. Hata hivyo, ujuzi ulioazimwa ulihitaji kupimwa kila mara kwa malighafi mpya, kama ubishi wa kwapa ulivyoonyesha. Karatasi ngumu iliyokatwa kwa dakika tano ilimaliza ubishi ambao heshima ya umri ingeuacha bila jibu.

Kosa la msingi lilikuwa la mpangilio. Rangi ilipakwa kabla ya vazi kuvaliwa na mtu anayefanya kazi yake. Kwa kuwa lilikuwa limependeza, sote tulisita kulikata, na siku tatu zilipotea katika majaribio ya mikanda na lastiki ambayo lengo lake halisi, tukisema ukweli, lilikuwa kuinusuru rangi. Leo ningetengeneza toleo zima la karatasi ngumu na utepe, baya la kutazama, nimpe mwigizaji alifanyie mazoezi jioni mbili, ndipo niguse sponji. Karibu nusu ya sponji tuliyonunua iliishia kwenye vipande visivyofaa, na nyingi ya hasara hiyo ilitokana na uamuzi huo mmoja.

Kuna jambo la afya ambalo matokeo mazuri yasilifunike. Siku za mwanzo tuligundisha ndani ya chumba cha nyuma chenye dirisha moja, na jioni ya pili fundi viatu na mimi tulishikwa na maumivu ya kichwa na kizunguzungu. Mvuke wa gundi hiyo una sumu, na moshi wa sponji iliyopashwa kupita kiasi si mwema pia. Tulihamia barazani, ambako yeye mwenyewe hufanyia kazi siku zote. Alikuwa ameingia ndani kwa adabu tu, kwa sababu tulimwalika. Vumbi la msasa tulilikinga kwa barakoa kuanzia wiki ya tatu, na tungepaswa kuanza siku ya kwanza.

Kuhusu mkanda uliokatika, sababu yake ni ya kawaida kabisa: ulifungwa usiku wa mwisho wa kazi, mtu akiwa amechoka, na hakuna aliyeukagua kwa kuwa hatukuwa na orodha ya ukaguzi. Gundi hushika vizuri nguvu inayosukuma, ila nguvu inayobandua kuanzia ukingoni huishinda upesi. Kila mkanda unaobeba mvutano unahitaji uzi au ribiti pamoja na gundi, na mkanda mmoja wa akiba uwe mfukoni mwa msaidizi. Sisi hatukuwa na wa akiba. Kapteni alikuwa amekwisha kufa, basi bahati ikatufaa.

Mwelekezi aliupenda sana ule mfunguko na kutaka urudiwe. Nilipinga kukata mkanda makusudi, tukakubaliana kuweka velkro nyembamba mahali pa bizimu, ambayo ingeachia kwa kubiringika. Tuliijaribu mara sita mchana, ikaachia mara sita. Usiku wa nne kapteni alichomwa, akabiringika ngazi zote tatu, akalala chali mbele ya watazamaji, na dirii ikabaki imefungwa barabara.